Saa Mbili za Mama Mtumishi: Waraka wa Wazi kwa Utumishi

Kwa Katibu Mkuu,
Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora,
Mji wa Serikali, Mtumba,
DODOMA.

YAH: MAMA MTUMISHI, CHEO NA MALEZI

Ndugu Katibu Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwa utaratibu, barua hii ilipaswa kupitia kwa mkuu wangu wa idara, igongwe muhuri masijala, isubiri maoni, kisha ipande ngazi kwa ngazi hadi mezani kwako. Nimeiandika wazi kwa sababu jambo lenyewe si langu peke yangu, na kwa sababu nimeshaona barua za namna hii zinavyolala kwenye faili hadi mwandishi wake anastaafu. Sitaitaja wizara ninayoitumikia wala bosi yeyote niliyewahi kuwa chini yake. Wengi wao walikuwa watu wema waliofuata taratibu. Taratibu ndizo ninazotaka tuzizungumze.

Niseme mapema ninachokusudia. Utumishi wa umma wa nchi hii umemkubali mama kazini. Umempa ajira, likizo na mshahara sawa na wa mwenzake mwanamume wa daraja lile lile. Lakini njia ya kupandia vyeo bado imekaa kwa ajili ya mtu ambaye nyumbani kwake kuna mtu mwingine wa kulea. Anayelea mwenyewe anaweza kuajiriwa, anaweza hata kuzeeka kazini, ila kupanda atapanda kwa bahati.

Kwanza nitaje yaliyopo, maana si haki kulalamika kana kwamba hakuna kilichofanyika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004, inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja. Inakataza asibaguliwe kwa sababu ya ujauzito, ndoa au majukumu ya familia. Inamruhusu kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Sheria hiyo inatuhusu na sisi watumishi wa umma, isipokuwa wanajeshi, polisi, magereza na JKT, ambao wana sheria zao. Juzijuzi tu, kwa marekebisho ya 2025, mama aliyejifungua mtoto njiti ameongezewa muda. Kabla ya hapo alikuwa akizimaliza siku zake 84 kwenye benchi la wodi ya watoto wachanga, na siku anayoruhusiwa kumpeleka mwanawe nyumbani ndiyo siku anayotakiwa kuripoti kazini. Doris Mollel, mwanaharakati ambaye mwenyewe alizaliwa njiti, alilipigia kelele jambo hilo kwa miaka, vyama vya wafanyakazi vikaunga mkono, na Mei Mosi ya 2024 Serikali ikatangaza kulikubali. Kwa hiyo najua kuwa masikio yapo. Ndiyo maana ninaandika.

Sasa tupige hesabu ya hizo siku 84. Ni wiki 12. Sheria inamruhusu mama kuanza likizo wiki nne kabla ya tarehe ya matarajio, na wengi wenye presha au miguu iliyovimba hawana hiari katika hilo. Anayeanza mapema namna hiyo anabakiwa na wiki nane za kukaa na mtoto. Wakati huohuo pale kliniki, nesi anayempima mtoto uzito anamwambia mama, kwa sauti ya kuagiza kabisa, kwamba mtoto asipewe hata maji hadi atimize miezi sita. Anasema kweli, ndivyo linavyoelekeza Shirika la Afya Duniani, na ndivyo inavyohimiza Wizara ya Afya. Kila mwaka, tarehe 1 hadi 7 Agosti, tunaadhimisha Wiki ya Unyonyeshaji Duniani kwa fulana, mabango na hotuba. Halafu nesi huyohuyo, ambaye naye ni mtumishi wa umma, akijifungua anaitwa kazini mwanawe akiwa na miezi miwili na ushee. Serikali ni moja, ila ina midomo miwili: mmoja unamwambia mama nyonyesha miezi sita, wa pili unamuuliza mbona hujaripoti.

Shirika la Kazi Duniani, katika mkataba wake wa 2000 kuhusu ulinzi wa uzazi, liliweka kiwango cha chini cha wiki 14. Rwanda ilikuwa na wiki 12 kama sisi. Mwaka 2023 ikapanda hadi 14. Sitegemei tuamke kesho na miezi sita ya likizo yenye malipo, ingawa siioni kuwa ndoto ya wendawazimu. Ninachosema ni kwamba likizo ikiwa fupi hivi, basi zile saa mbili za kunyonyesha ndizo zinazobeba mzigo wote uliobaki. Na saa mbili hizo, Ndugu Katibu Mkuu, zipo kwenye karatasi.

Chukua ramani ya Dodoma. Mtumishi anaishi Nkuhungu, kwa sababu huko ndiko nyumba ya kupanga inakopatikana kwa mshahara wake. Ofisi iko Mtumba, kilomita 17 hivi kutoka mjini kwa barabara ya Dar es Salaam. Anaukata mji mzima, kisha ndipo aanze hizo 17. Akitoka saa sita mchana kwenda kunyonyesha, atafika nyumbani, atamweka mtoto kifuani dakika chache, na atageuza mguu akiwa tayari amechelewa. Dar es Salaam nisiizungumze kabisa: mama wa Chanika au Mbagala anayefanya kazi Posta, saa mbili zake zinaishia kwenye foleni kabla hata hajafika Buguruni au Mtoni.

Basi wote tumeangukia kwenye suluhisho moja la kienyeji: mama anatoka saa mbili kabla ya wenzake. Ofisi inafungwa saa 9:30 alasiri, yeye anaondoka saa 7:30 mchana. Kwa macho ni jambo la huruma, na mwajiri anayeliruhusu anahesabiwa mwema. Lakini mtoto wa miezi mitatu hanyonyi kwa mkupuo mmoja saa tisa mchana. Ananyonya kila baada ya saa mbili au tatu, na tangu alfajiri mama alipofunga mlango amekuwa akisubiri. Mama naye yuko kwenye kikao, kifua kimejaa kama jiwe, ameweka kitambaa ndani ya blauzi, anaomba mwenyekiti asiongeze agenda. Akizidiwa anakwenda kukamua chooni. Niliwahi kufanya hivyo, na wanawake ninaofanya nao kazi wamefanya hivyo. Maziwa yale tunayamwaga, kwani kwenye joto la kawaida la chumba hayafai kukaa zaidi ya saa nne hivi, na joto la Dodoma mwezi wa kumi na moja unalijua. Serikali inayonunua mabango ya kusifu maziwa ya mama inayamwaga kila siku kwenye masinki ya ofisi zake.

Kinachohitajika ni chumba. Si jengo la ghorofa, chumba: chenye mlango unaofungwa kwa ndani, viti viwili, sinki, soketi ya umeme na friji ndogo. Katika majengo niliyofanyia kazi, kuna chumba cha kupumzikia madereva, chumba cha kuhifadhi mafaili yaliyokwisha muda, na vyumba ambavyo hakuna aliyewahi kuniambia ni vya nini. Cha mama sijawahi kukiona. Pengine kwingine vipo. Naomba ofisi yako ituambie hadharani ni wizara ngapi, mikoa mingapi na halmashauri ngapi zina chumba hicho, maana ninyi ndio mnaoweza kuuliza mkajibiwa.

Wenzetu Kenya waliliandika jambo hili kwenye Sheria yao ya Afya ya 2017: mwajiri aweke sehemu ya kunyonyeshea au kukamulia, yenye meza, kiti, umeme na kifaa cha kupozea. Nisije nikaonekana ninawapamba. Mwezi Agosti 2019, miaka miwili baada ya sheria hiyo, Mheshimiwa Zuleikha Hassan, wakati huo mbunge wa Kwale, aliingia bungeni Nairobi na mwanawe wa miezi mitano na akaamriwa atoke. Bunge lililotunga sheria lilikuwa halijajipangia chumba. Ninalitaja tukio hilo ili nisiambiwe subirini sheria mpya. Sheria ikishaandikwa, lazima atokee afisa wa kawaida wa kuamua kwamba chumba namba fulani, ghorofa ya chini, kuanzia Jumatatu ni cha akina mama.

Na kwa nini tuishie kwenye kukamua? Mwaka 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Inasema, kwa usahihi kabisa, kwamba miaka ya mwanzo ya mtoto ndiyo inayojenga ubongo wake. Inataka vituo vya kulelea watoto mchana viongezeke na viwe bora. Mji wa Serikali ulianza na ardhi tupu. Wizara zote zimepangwa jirani, maelfu ya watumishi wanaingia eneo moja asubuhi. Kama kuna mahali Tanzania ambapo kituo kimoja kikubwa cha watoto kingehudumia wizara nyingi kwa mkupuo, ni hapo. Mama angemshusha mtoto saa moja asubuhi na kumwendea kwa miguu. Hapo ndipo saa mbili za kunyonyesha zingekuwa saa mbili kweli, zikagawanywa mara mbili au tatu kwa siku, bila mtu kukimbilia bodaboda.

Nimezungumza maziwa kwa kirefu kwa sababu hilo ndilo jambo dogo linaloonekana. Kubwa zaidi ni cheo.

Mtumishi mwenye shahada huanza kazi akiwa na miaka ishirini na kitu. Anaanza daraja la pili, anapanda daraja la kwanza, halafu afisa mwandamizi, halafu mkuu. Miaka ambayo mtu anatakiwa aonekane, apewe kazi ngumu, akaimishwe nafasi, apelekwe masomoni, ni ile ya kati ya thelathini na arobaini. Ndiyo miaka hiyohiyo ambayo wanawake wengi wanazaa. Hakuna aliyepanga iwe hivyo kwa ubaya. Imetokea tu kwamba kalenda ya utumishi na kalenda ya mwili wa mwanamke zinagongana, na zikigongana, kalenda ya utumishi haisogei.

Kanuni zinasema kupanda cheo kunategemea utendaji na sifa. Sawa. Lakini sote tunajua utendaji unaonekana wapi. Unaonekana kwenye kikosi kazi cha bajeti, kinachokesha wiki kadhaa kabla ya Bunge la mwezi wa nne. Unaonekana kwenye safari ya ukaguzi mikoani na kwenye kikao kinachoanza saa kumi jioni, wakati mama ameshaondoka na mtu anasema, bila nia mbaya, "Huyo ana mtoto mdogo, tusimsumbue." Wema wa sentensi hiyo umenigharimu kuliko ukali wa wakubwa wote. Wenzangu walipokwenda kujifungia Morogoro kuandaa mpango mkakati, mimi nilikuwa nimejifungua Dodoma. Waliporudi walikuwa wanafahamiana na mkurugenzi kwa jina, mimi nilikuwa bado "yule dada wa ghorofa ya pili." Ilipotokea nafasi ya kukaimu, hakuna aliyenikataa. Hawakunikumbuka tu, na huwezi kukata rufaa dhidi ya kutokukumbukwa.

Safari nazo zina lake. Kwenye safari nilizowahi kutumwa nikinyonyesha, posho ilinihesabu mimi peke yangu. Mtoto na wa kumshika nilipaswa kuwabeba kwa mfuko wangu, au nisiende. Mara nyingi sikwenda. Kwenye ripoti ya idara ikabaki kwamba fulani hakushiriki.

Tangu 2023 tunapimwa utendaji wetu kwa mfumo wa PEPMIS uliochukua nafasi ya ule wa OPRAS. Ninaupenda kwa jambo moja: kazi iliyofanyika inaonekana, hata kama aliyeifanya aliondoka saa saba na nusu. Ila nina swali, na ninajua wengi wanalo: mama akiwa likizo ya uzazi robo nzima ya mwaka, mfumo unampimaje? Je, anahesabiwa kama mtu asiyetekeleza malengo, au miezi hiyo inaondolewa kwenye kigawanyo? Kwa afisa utumishi mmoja nilipata jibu, kwa mwingine nikapata jingine. Waraka wa ukurasa mmoja kutoka ofisini kwako ungemaliza ubishi.

Nije kwenye uhamisho, ambako ndiko wengi wetu tunakoachia ngazi.

Miaka kadhaa iliyopita nilipata barua ya kupandishwa. Ilinipandisha na kunihamisha kwa sentensi moja: nafasi mpya ilikuwa mkoa mwingine na nilitakiwa kuripoti ndani ya siku chache. Ilikuwa katikati ya mwaka. Binti yangu mkubwa alikuwa darasa la saba, na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Septemba. Mdogo alikuwa bado ananyonya. Mume wangu naye ni mtumishi, na uhamisho wa kumfuata mwenza, kama unavyojua, ni ombi ambalo mtu huliandika akiwa kijana, akajibiwa akizeeka. Niliomba nisogezewe hadi Januari, shule zinapofunguliwa. Nilijibiwa kwa adabu kwamba nafasi haiwezi kukaa wazi. Ikaenda kwa mwenzangu, mwanamume, mchapakazi, na simwonei wivu. Alikwenda peke yake. Mkewe na watoto aliwaacha, akawa anawaona sikukuu na likizo. Siku moja tulipokutana kwenye semina akaniambia mwanawe wa mwisho anamwita "anko." Alicheka alipokuwa akiniambia, ila hakucheka sana.

Kwa hiyo, Ndugu Katibu Mkuu, usiusome waraka huu kama wa wanawake dhidi ya wanaume. Utaratibu ule ulinigharimu cheo, na yeye ukamgharimu nyumba. Kinachonishangaza ni jinsi ambavyo ungerekebishika kwa urahisi. Uhamisho wa kawaida, usio wa dharura wala wa kinidhamu, ungeweza kufuata kalenda ya shule. Barua itoke Septemba au Oktoba, mtu aripoti Januari. Mtumishi yeyote mwenye mtoto, wa kiume au wa kike, angepata muda wa kutafuta shule, nyumba na mtu wa kumsaidia. Hata Serikali ingepata muda wa kuandaa fedha za uhamisho, badala ya kulimbikiza madeni ambayo kila Mei Mosi vyama vya wafanyakazi vinakumbusha. Na cheo kisiwe tiketi ya basi. Kama nafasi inayolingana ipo alipo mtumishi, apande alipo. Akiomba kusogezewa kwa sababu ya mtoto mchanga au mtoto wa darasa la mtihani, asogezewe, na ombi lake lisiandikwe kwenye faili kama kukataa kazi.

Tumeishi kipimo kikubwa cha jambo hili bila kulipima. Mwaka 2016 Serikali ilitangaza inahamia Dodoma, na miaka iliyofuata maelfu ya watumishi walihama. Uamuzi ulikuwa wa muda mrefu, tangu enzi za Mwalimu, na siupingi. Lakini familia nyingi zilikatika vipande viwili: mama Dodoma, baba na watoto Dar es Salaam, au kinyume chake. Ijumaa jioni utawaona kituo cha treni, begi dogo mkononi, simu sikioni, wakiulizia kazi ya nyumbani ya hesabu. Treni ya SGR iliyoanza kwenda Dodoma Julai 2024 imewasaidia mno. Zamani basi lilikula siku nzima. Ila ilipoanza, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 31,000, sawa na 62,000 kwenda na kurudi. Shika tarakimu hiyo, kwa sababu inanipeleka kwa mtu ambaye hatajwi kwenye waraka wowote wa Serikali unaohusu tija.

Huyo ni dada wa kazi.

Kila mwanamke unayemwona amekaa mbele kwenye kikao, amevaa suti, kalamu mkononi, kuna msichana mahali amembeba mtoto wake mgongoni. Bila huyo, mikutano yenu nusu ya viti ingekuwa mitupu. Amri ya Mshahara ya 2022 ilimwekea dada anayelala nyumbani kwa mwajiri kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi. Mwezi mzima wa kuamka saa kumi na moja alfajiri ulilipwa pungufu ya nauli ile ya mama mwenye nyumba kwenda na kurudi Dar mara moja. Wengi wa madada hawa wametoka Singida, Iringa, Kigoma au vijiji vya hapahapa Dodoma, na baadhi yao ni mama: wameacha mtoto kwa bibi ili waje kulea wa kwetu. Nao sheria ya 2004 inawahusu. Nani kati yetu amewahi kumpa dada siku 84? Akionekana ana ujauzito, anafungashiwa nguo na kupandishwa basi. Ninaandika "anafungashiwa" nikijua anayefungasha mara nyingi ni mwanamke mwenye shahada, aliyekuwa na haraka ya kuwahi kazini.

Utasema hilo si la Utumishi, ni la wizara inayoshughulikia kazi. Kwa mgawanyo wa majukumu, ndiyo. Lakini mwajiri mkubwa kuliko wote anapokataa kuwa na kituo cha watoto, gharama haipotei. Inashushwa kwa mama, naye anaishusha kwa msichana asiye na chama, na mtoto wa msichana huyo, aliyeko kijijini, ndiye anayelipa ya mwisho. Utumishi wa umma umekuwa ukipewa ruzuku na watoto wa Singida bila kuwaandikia hata shukrani.

Kuhusu akina baba nitasema kidogo, kwa kuwa jambo liko wazi. Sheria yetu, kwa kawaida, inampa baba siku 3 za malipo, zichukuliwe ndani ya siku 7 za kuzaliwa mtoto. Kenya ni wiki mbili. Siku tatu zinatosha kuleta supu ya pweza au ya kuku, kuandikisha jina na kupokea pongezi kwenye kundi la WhatsApp la idara. Hazitoshi kujifunza kumwogesha mtoto. Na mwanamume ambaye hakujifunza wiki ile, hajifunzi tena. Malezi yanakuwa ya mama, na semina zinakuwa za baba.

Najua mapingamizi yatakayoletwa mezani. La kwanza ni fedha. Kuhusu chumba chenye friji ndogo, sitajibu. Angalia bei ya magari tunayonunua. Kuhusu kituo cha watoto, wazazi wako tayari kuchangia, kwani tayari tunalipa huko mitaani, kwa vituo ambavyo vingine vina watoto ishirini na mlezi mmoja. Pingamizi la pili huletwa kwa upole zaidi: kwamba mwanamke akiongezewa haki nyingi, waajiri watamkwepa. Katika sekta binafsi hofu hiyo ina mashiko, ndiyo maana mkataba ule wa 2000 unataka malipo ya likizo yabebwe na bima ya jamii au fedha za umma, yasimwelemee mwajiri mmoja mmoja. Lakini kwa mwajiri anayeitwa Serikali hoja hiyo haisimami. Serikali haiwezi kumkwepa mwanamke halafu jioni itangaze takwimu za usawa wa kijinsia. Pingamizi la tatu husikika zaidi kwa wanawake wenyewe, wale waliopita kabla yetu: "Mbona sisi tuliweza?" Shikamoo zao. Waliweza, na ukiwauliza taratibu watakuambia kwa gharama gani, na watakutajia pia wenzao ambao hawakuweza, ambao leo hakuna anayewauliza chochote.

Tutaambiwa pia kwamba nchi ina Rais mwanamke tangu Machi 2021, kwa hiyo njia iko wazi. Ninajivunia kama mtu yeyote. Ila aliyefika juu haonyeshi waliokwamia katikati, na hao wa katikati ndio ninaowaandikia: maafisa waandamizi wenye uzoefu wa miaka, ambao wamekataa uhamisho mmoja, wakakosa semina mbili, na sasa wanafundisha kazi vijana watakaokuja kuwa wakubwa wao.

Ninaomba mambo ambayo yako ndani ya uwezo wa kalamu yako. Toa waraka unaoagiza kila taasisi ya umma itenge chumba cha mama na uipe tarehe ya mwisho. Toa mwongozo wa jinsi likizo ya uzazi inavyohesabiwa kwenye upimaji, ili afisa utumishi wa Newala na wa Ngara watoe jibu moja. Uhamisho wa kawaida ufuate kalenda ya shule. Mama anayenyonyesha akitumwa safari, mtoto na mlezi wake wahesabiwe. Kituo cha watoto Mtumba kiingie kwenye bajeti ijayo, kwa jina lake, si ndani ya "shughuli nyinginezo." Ya likizo ya wiki 14 na siku za baba yanahitaji Bunge, kwa hayo naomba ofisi yako iwe ya kwanza kuyapeleka, kwa sababu ndiyo yenye watumishi wengi kuliko mwajiri yeyote nchini.

Agosti mosi itafika na Wiki ya Unyonyeshaji itazinduliwa tena. Tafadhali, mwaka huu kabla ya hotuba, tutangazie idadi: vyumba vingapi vipo, viko wapi, na vingapi vitafunguliwa kabla ya mwaka kwisha. Idadi ikiwa sifuri, itangaze hivyohivyo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mama mtumishi,
Dodoma.